Pima mfereji kwanza, fensi baadaye: majibu ya maswali yenu ya msumeno wa meza

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya fensi, ule ukingo mrefu unaoongoza mbao ikipita kwenye diski ya meno, na nusu yake ni swali lile lile limeulizwa na watu tofauti, so nimechagua machache. Jambo moja kabla sijaanza: kila nikisema hapa chini pima au gusa diski, plagi imechomolewa. Sio swichi imezimwa. Plagi imechomolewa na unaiona kwa macho yako iko chini.

Fundi habari. Nikipasua mbao inaungua upande wa fensi na inakuwa nzito kusukuma. Nimebadilisha diski mara mbili bado. Ninunue fensi nyingine?

Nzuri. Usinunue kitu kwanza. Mbao ikiungua upande wa fensi, mara nyingi inakuwa inabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma ya diski, na diski mpya ukiiweka kwenye mbano ule ule nayo itaunguza tu, siku za mwanzo itaficha kwa sababu ni kali, afu mambo yanarudi palepale.

Lakini najua wengi mkisikia hivyo mnachofanya. Unachukua tepu, unapima kutoka fensi mpaka jino la mbele, unapima tena mpaka jino la nyuma, unagonga fensi kidogo, unasema tayari. Hapo hujaseti fensi, umeifuatisha na diski ambayo yenyewe hujui imekaaje. Na tepu kwa kazi ya kutafuta nusu milimita au chini ya hapo haifai, jicho lako ukiinama upande huu linasoma hivi ukiinama upande ule linasoma vingine.

Meza yote inaanzia kwenye mfereji, ule unaopita geji ya pembe (kile kifaa cha kusukumia mbao ukikata kwa kukingama). Mfereji umechongwa kwenye meza yenyewe, haulegei wala hauhami. Diski inasetiwa sambamba na mfereji, fensi nayo inasetiwa sambamba na mfereji, na zikishakuwa hivyo zenyewe kwa zenyewe zitakuwa sambamba hata bila kuzipimanisha. Ukianza na fensi unaweza ukabahatisha kupasua vizuri, afu siku unakata kwa geji ya pembe diski inalia na mkato una mikwaruzo, unaanza kuilaumu geji ya watu.

Fanya hivi. Inua diski mpaka juu kabisa. Chagua jino moja uliwekee alama. Chukua kijiti cha mbao kilichonyooka ukibane kwa klempu kwenye geji ya pembe, na kwenye ncha yake inayoelekea diski funga skrubu ya kichwa cha mviringo. Leta jino la alama mbele, zungusha skrubu mpaka kichwa chake kiguse jino kwa mbali, usikie kanakwaruza. Sasa zungusha diski kwa mkono jino lile lile liende nyuma, sogeza geji nayo nyuma, sikiliza tena. Jino ni LILE LILE, narudia kwa sababu kila nikiandika hili kuna mtu anapima jino moja mbele na lingine nyuma, hapo unapima diski ilivyoyumba na meno yanavyopishana, mtambo unaoshika diski hujaupima kabisa. Na geji yako iegemeze upande mmoja wa mfereji muda wote, kama inachezacheza mule ndani vipimo vyote ulivyochukua havina maana.

Sauti ikiwa sawa mbele na nyuma, umemaliza hapo. Ikiwa kuna nafasi, ingiza fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) usome. Huna fila geji, karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1, na mimi nafasi ikiwa pana kiasi karatasi inapita bila kugusa siiachi hivyo. Kurekebisha kunategemea mashine. Zile kubwa za kabati, meza imekaa juu ya kabati kwa bolti, unalegeza bolti tatu ya nne unaiacha na mkazo kidogo iwe kama bawaba, unaigonga meza kwa nyundo ya mpira taratibu. Zile nyepesi mtambo wa diski umening'inia chini ya meza, kwa hiyo unalegeza bolti za mtambo ndo unasogeza. Kaza kidogo kidogo kwa zamu, afu pima tena baada ya kukaza, manake kukaza kwenyewe huwa kunahamisha.

Karakana moja niliyofanya kazi nikiwa kijana mashine iliunguza mbao miezi na miezi. Zikanunuliwa diski, ikanunuliwa fensi mpya kabisa, kumbe bolti mbili za mtambo zimelegea kwa mtikisiko na diski inahama yenyewe kila mbao ngumu ikipita. Spana moja na nusu saa ikaisha. Pesa iliyotumika pale bado inaniuma mpaka leo na haikuwa yangu.

Diski ikishakuwa sawa ndo uje kwenye fensi. Isogeze mpaka uso wake ulingane na ukingo wa mfereji, ibane, afu pitisha kidole mbele na nyuma, kidole kinahisi mbonyeo ambao macho hayaoni. Fensi za umbo la T zina skrubu mbili ndogo za alenki (zinazofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita) kwenye kichwa kinachokaa kwenye reli, unakaza moja unalegeza nyingine. Nyingine zina bolti juu karibu na kichwa, unalegeza, unanyoosha, unakaza. Afu ifungue, isogeze mbali, irudishe, ibane tena, pima tena. Ikirudi palepale mara tatu, hiyo fensi imesetiwa.

Nimesikia fensi inatakiwa iachane kidogo na diski kwa nyuma. Kiasi gani?

Hili linagombanisha mafundi na mimi upande wangu naujua. Kuna wanaoacha nyuma milimita 0.1 mpaka 0.4 hivi, wanasema mbao ikishapita meno ya mbele ipumue. Mimi nataka sambamba kabisa, na nina sababu mbili. Ya kwanza, mbao inayofuata fensi inapoachana na diski upande huu, kile kipande cha upande wa pili ndo kinaburuzwa kwenye meno ya nyuma, kama ulikuwa unakitaka nacho kimekwaruzwa. Ya pili ndo kubwa na sisikii watu wakiisema: fensi iliyoegemea nje ikiwa kulia kwa diski, siku ukiihamishia kushoto ule mwegemeo unageuka unabana ndani. Umeseti usalama upande mmoja umeseti hatari upande wa pili, na utakuwa umeshasahau.

Ila wote tunakubaliana kitu kimoja, nafasi kati ya fensi na diski kwa nyuma isiwe nyembamba kuliko mbele. Hata kwa unene wa karatasi. Meno ya nyuma yanapanda juu kutoka kwenye meza, mbao ikisukumwa kwenye hayo meno inanyanyuliwa na kurushwa kwako. Diski ya milimita 254 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu mita 53 kwa sekunde, ni kama kilomita 190 kwa saa. Mbao haikupi nafasi ya kukwepa. So kama vifaa vyako havikuruhusu kuhakikisha sambamba, basi wewe acha hiyo 0.1 nyuma, sitakulaumu.

Fensi yangu nikiibana inahama. Nimeweka kipimo 300, nikishusha mkono wa kubania inakuwa 301 na nyuma inapinda.

Safisha reli kwanza. Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu linaganda kwenye reli, fensi inakaa juu ya uvimbe, unapoibana ndo inajipanga upya. Futa reli, futa tumbo la kichwa cha fensi, paka nta kavu kidogo, usipake mafuta ya mashine manake yanavuta vumbi na yanachafua mbao. Afu jizoeze kukisukuma kichwa cha fensi kiegemee reli kwa mkono mmoja kabla hujashusha mkono wa kubania. Ikiendelea angalia skrubu ya mkazo, kama umeikaza mno mkono unavuta fensi nzima kwa nguvu. Na msivute fensi kwa kushika mkia wake wa nyuma jamani, fensi nyingi zinabana mbele tu.

Kipimo cha kwenye reli kinasema 100 mbao inatoka 99. Fensi mbovu?

Umebadilisha diski. Meno mengine yana upana wa milimita 3.2, mengine 2.4, ukingo wa meno umehama ila kile kimstari cha kusomea hujakihamisha. Pasua kipande, kipime kwa kalipa (kile kipimo cha taya mbili), bila kugusa fensi legeza kimstari ukipeleke kwenye namba halisi. Dakika mbili.

Kile kichuma cha mbele ya tepu kinachezacheza. Nikikaze kwa rivet?

Hapana! Kimeachwa kicheze makusudi, kwa kiasi cha unene wake chenyewe, ukikivuta kinatoka ukikisukuma kinaingia ili kipimo cha nje na cha ndani viwe sawa. Ukikikaza umeharibu tepu.

Nikiunganisha mbao kutengeneza top ya meza, maungio yanaacha mwanya chini. Fensi iko sambamba nimepima.

Sambamba ni nusu ya kazi, je imesimama wima? Na diski yenyewe? Watu wanaamini ule mshale wa 90 kwenye gurudumu la kuinamisha diski kana kwamba umeandikwa kwenye mawe. Weka guni (ile rula ya pembe mraba) mezani liguse mwili wa diski, sio jino, meno yamejitokeza nje yatakudanganya. Afu guni hilo hilo kwenye uso wa fensi, mbele, katikati, nyuma. Fensi ikilala nje kwa juu, mbao nene inaegemea nayo, ukingo unatoka na mshazari.

Afu fanya jaribio ambalo halihitaji kuamini guni la mtu. Pasua kipande kimoja katikati, weka nusu zote mezani kama zilivyotoka, afu pindua moja juu chini, zikutanishe kwenye ule mkato. Kosa linajidhihirisha mara mbili. Ukiona mwanga juu au chini, diski haiko 90. Napenda hili jaribio kuliko kifaa chochote nilicho nacho, linapima kazi yenyewe.

Na hata kila kitu kikiwa sawa, ubao ambao haujanyooshwa kwa randa upande wa kuegemea fensi utatoka umepinda. Fensi haiwezi kunyoosha ubao. Inanakili ukingo unaoipa.

Fensi yangu ya aluminium ina tumbo katikati. Niitupe?

Usiitupe. Funga juu yake uso wa MDF au plaiwudi nzuri iliyonyooka, na sehemu zenye bonde weka vipande vya tepu ya karatasi kwa nyuma mpaka rula ndefu ya chuma ikae bila mwanga kupita. Bonde dogo mwanzoni mwa fensi mbali na diski halinisumbui sana. Tumbo kuanzia kwenye diski kwenda nyuma ndo sitaki kuliona.

Natumia geji ya pembe na fensi kwa pamoja ili vipande vyote viwe urefu sawa. Kuna shida?

Kuna shida na nimeshajibu hili mara nyingi mno. Kipande kilichokatika kinabaki kimekwama kati ya diski na fensi bila kitu cha kukishika, kinageuka kidogo tu, kinarushwa. Bana kibao kwenye fensi kiishie KABLA ya diski, gusisha mbao yako kwenye hicho kibao, sukuma, ifikapo kwenye diski iwe imeshaachana nacho. Usijumlishe kwa macho, namba unayoiseti kwenye reli ni urefu unaoutaka ukijumlisha na unene wa kibao.

Kile kisu kilichosimama nyuma ya diski kinanizuia kuingiza fensi karibu kwa vipande vyembamba. Nimekitoa, ni sawa?

Sio sawa. Kirudishe leo. Kinazuia mbao isijifunge nyuma ya diski, na mbao yenye mkazo ndani yake hujifunga hata fensi ikiwa sahihi kabisa. Kitoe tu kwa kazi ambayo diski haipiti mpaka juu ya mbao, afu kirudishe. Kwa vipande vyembamba usilete fensi karibu, acha kipande chembamba kiwe ndo kinachodondokea upande wa nje, na mkono uwe na kijiti cha kusukumia.

Fensi ya kampuni gani ni bora?

Inayorudi palepale kila ukiibana. Ipime dukani kabla hujalipa.

Nipime hivi vitu kila baada ya muda gani?

Kila ulipohamisha mashine, kila iliporusha mbao, na kila ulipogusa bolti yoyote ya mtambo au ya meza. Kubadilisha diski peke yake, hakiki 90 na kimstari cha reli, sambamba haihami kwa hilo. Nje ya hapo mashine yenyewe itakwambia, sikiliza kile kipande cha pili kinavyopita nyuma ya diski. Kikianza kukwaruza meno ya nyuma wakati wiki iliyopita kilikuwa kimya, zima, chomoa, leta kile kijiti chenye skrubu.