Kabla ya kupanda mbono, malizana na mathenge

Mbono unaozungumzwa hapa ni mbono kaburi, ule wa kuzungushia ua, si mbarika. Ulipopigiwa debe Malindi kama zao la mafuta ya mitambo, ulisifiwa kwamba haubagui udongo na ukame hauuui. Mtaalamu wa udongo hushtuka akisikia hayo: mathenge, mti wa miiba unaoenea ovyo, nao uliletwa Kenya kwa sifa hizo hizo, na mwaka 2008 ukatangazwa gugu hatari.

Tena kuishi si kuzaa. Kwenye mchanga mwekundu wa Magarini, ulio haba wa naitrojeni na fosforasi, mbono utasimama tu, mbegu zake kiganja kimoja. Uufanye ua, shamba liwe la mahindi na kunde. Kata matawi yake vipande vya nusu mita, viweke kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha vifukie sentimita 20 masika yakianza. Udongo mzito wa bonde la mto Sabaki unaotuamisha maji uuepuke, mizizi itaoza. Mbegu ni sumu, na mashudu yake usiwape ng'ombe.

Mathenge ndio kazi. Wengi huukata kwa panga juu ya ardhi, mvua ikinyesha shina moja limekuwa kichaka, kwa kuwa macho ya kuchipua yako shingoni mwa mzizi. Fukua kwa sururu, ukate sentimita 30 chini ya ardhi, kabla maganda hayajaiva. Vaa viatu vya soli ngumu. Miiba yake hutoboa hata tairi. Mbuzi na ng'ombe hula maganda na mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi, basi samadi mbichi ya mifugo iliyolishwa penye mathenge ni kupanda mathenge kwa mkono wako mwenyewe. Ukitaka kuwalisha maganda, yasage mpaka mbegu zivunjike. Rudi kila baada ya mvua ung'oe miche udongo ungali laini, na usichoke mapema: mbegu hukaa ardhini miaka.

Kupima udongo nako kuna mtego. Chini ya mathenge naitrojeni huwa nyingi kuliko pembeni, kwa hiyo ukichanganya udongo wa sehemu hizo mbili, majibu yatakudanganya. Chukua sampuli mbili mbalimbali, kila moja kutoka sehemu kumi hivi, kina cha sentimita 20. Changanya kila sampuli peke yake, anika kivulini, peleka maabara nusu kilo ya kila moja kwenye mfuko safi. Gunia la mbolea halifai hata likikung'utwa.