Maswali na Majibu: Wanawake wa Urusi Waliobeba Bunduki

Safu ya leo yote ni ya wanawake wa Urusi waliopigana vitani. Maswali yalikuwa mengi, na mengine yalifanana, kwa hiyo nimeyaunganisha.

Kuna video inazunguka kwamba Warusi walikuwa na "wachawi wa usiku", wanawake waliorusha ndege za mbao kumpiga Hitler. Ni kweli au ni chumvi za mitandaoni? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli tupu. Oktoba 1941, Wajerumani wakiwa wanaikaribia Moscow, Stalin aliidhinisha rejimenti tatu za anga za wanawake. Aliyelivalia njuga jambo hilo ni Marina Raskova, ambaye nchi nzima ilimjua tangu 1938, pale yeye na wenzake wawili waliporuka kutoka Moscow hadi Mashariki ya Mbali bila kutua. Wasichana walimwandikia barua kwa wingi wakiomba kwenda vitani, akazibeba barua hizo kama hoja. Mafunzo yalifanyika Engels, kando ya mto Volga. Raskova mwenyewe hakuuona mwisho wa vita. Ndege yake ilianguka katika dhoruba ya theluji Januari 1943.

Hao "wachawi" ni rejimenti ya 588, iliyoongozwa na Yevdokiya Bershanskaya. Marubani, mafundi na wafungaji wa mabomu, wote walikuwa wanawake. Walipewa ndege aina ya Po-2, ambayo kabla ya vita ilitumika kufundishia wanafunzi na kunyunyizia dawa mashambani. Ilikuwa ya mbao na turubai, haina paa, na mwendo wake ni wa kama kilomita 150 kwa saa. Mchana isingechukua hata dakika kumi kabla ya kutunguliwa. Usiku mambo yalibadilika. Rubani alipolikaribia lengo alipunguza injini hadi karibu kuzimika, ndege ikateleza kimya, mabomu yakadondoshwa, kisha injini ikakoroma tena na wao wakageuza. Ndege ilibeba mabomu machache, ndiyo maana walirudi kupakia na kuruka tena mara kadhaa kwa usiku mmoja. Jina la wachawi walipewa na Wajerumani waliokoseshwa usingizi, maana walichosikia ni upepo ukipita kwenye waya za mabawa.

Hadi vita inakwisha rejimenti ilikuwa imeruka zaidi ya mara 23,000. Kwa muda mrefu waliruka bila parachuti, zilikuja 1944. Ndege ya turubai ikishika moto, jaza mwenyewe.

Nani alikuwa wa kwanza? (Msomaji, Tanga)

Wa kwanza hajulikani, maana aliyejificha vizuri hakuandikwa popote. Anayejulikana kuliko wote wa zamani ni Nadezhda Durova. Mwaka 1806 alitoroka kwao Sarapul usiku akiwa amevaa kama Mkosaki, yaani askari wa farasi wa mipakani, akaacha nguo zake za kike ukingoni mwa mto ili wadhani amezama. Aliingia jeshi la farasi kwa jina la kiume, akapigana na majeshi ya Napoleon, na barua aliyomwandikia baba yake ndiyo iliyomfichua. Aliitwa mbele ya Tsar Alexander I. Badala ya kumrudisha nyumbani, Tsar alimpa nishani ya Msalaba wa Mtakatifu George kwa kumwokoa ofisa vitani, akamruhusu aendelee, tena kwa jina jipya la Alexandrov, lililotokana na jina la Tsar mwenyewe. Mwaka 1812 alikuwepo kwenye mapigano makubwa ya Borodino dhidi ya Napoleon, na alistaafu 1816 akiwa ofisa. Katika kumbukumbu zake alijifanya alikuwa binti mdogo tu alipotoroka. Kumbe alikuwa na miaka 23, ameolewa na ana mtoto wa kiume. Hilo alilinyamazia.

Nilisoma kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na "Batalioni ya Kifo" ya wanawake. Ilianzishwa ipigane au iwaaibishe wanaume? (Msomaji, Nakuru)

Yote mawili, na la pili ndilo lililoipa kibali. Maria Bochkareva alikuwa mwanamke wa familia ya wakulima maskini aliyekimbia waume wawili wepesi wa kupiga. Mwaka 1914 alikataliwa jeshini huko Tomsk, akampelekea Tsar Nikolai II simu ya maandishi, naye akamruhusu. Kufikia 1917 alikuwa amejeruhiwa zaidi ya mara moja na ana nishani kifuani. Tsar akapinduliwa, askari wakaanza kupiga kura kama washambulie au wasishambulie, na wengi wakaenda zao nyumbani. Serikali ya mpito ilidhani wanaume wakiona wanawake wanatoka kwenye mahandaki watasikia haya.

Walijiandikisha kama 2,000. Bochkareva aliwanyoa vichwa, akapiga marufuku kuchekacheka na akakataa katakata kamati za askari. Walibaki kama 300. Julai 1917, karibu na Smorgon, walitoka kweli, wakavuka na kuyatwaa mahandaki ya Wajerumani na kukamata mateka. Msaada waliousubiri nyuma haukuja, wakalazimika kurudi. Haya haikumshika mtu. Askari aliyechoka miaka mitatu na aliyesikia kwamba ardhi inagawanywa kijijini kwao hawezi kusukumwa kwa aibu, na nashangaa mawaziri watu wazima waliamini hivyo.

Msichanganye batalioni hii na wanawake waliokuwa ndani ya Ikulu ya Majira ya Baridi usiku Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, walipoivamia. Wale walikuwa kama 140, kutoka batalioni nyingine ya Petrograd. Bochkareva alifika Marekani 1918 akaonana na Rais Wilson kuomba msaada, akarejea kwao, na Wabolsheviki wakampiga risasi Mei 1920.

Mdunguaji Lyudmila Pavlichenko aliua watu 309 kweli? (Msomaji, Bukoba)

Ndiyo hesabu rasmi ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, kutoka mapigano ya Odessa na Sevastopol, 1941 hadi 1942. Wapo watafiti wanaoitilia shaka, kwa sababu hesabu za wadunguaji zilitumika sana kwenye magazeti ya propaganda. Mimi naichukulia kama namba ya serikali iliyo vitani. Kwamba alikuwa mdunguaji hodari na alijeruhiwa mara kadhaa, hilo halina ubishi. Alizaliwa Ukraine, kwa hiyo kumwita Mrusi si sahihi sana. Hata Aliya Moldagulova na Manshuk Mametova, waliopewa heshima ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti baada ya kufa vitani, walikuwa Wakazaki, watu wa Kazakhstan.

Mwaka 1942 Pavlichenko alipelekwa Marekani kuhimiza wafungue uwanja wa pili wa vita Ulaya. Waandishi wa habari wakamuuliza kuhusu vipodozi na urefu wa sketi yake ya sare.

Kuna mwanamke aliyenunua kifaru? (Msomaji, Zanzibar)

Yupo: Mariya Oktyabrskaya. Mume wake aliuawa 1941. Aliuza mali zake, akachanga rubo 50,000, akamwandikia Stalin akiomba pesa hizo zitengenezewe kifaru na yeye awe dereva wake. Alipewa cha T-34, akakiita "Rafiki wa Kike wa Vita". Alisifika kwa kuruka nje risasi zikilia ili atengeneze minyororo iliyokatika. Ndivyo alivyojeruhiwa karibu na Vitebsk Januari 1944, akafa Machi.

Baada ya ushindi walipewa nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Nishani walipewa, kazi ya jeshi hawakupewa. Wanawake kama 800,000 walipita katika Jeshi Jekundu: wauguzi na madaktari, watu wa simu na redio, wapiga mizinga ya kutungulia ndege, wadunguaji, marubani. Wengi waliitwa kwa amri, si kwa hiari. Machi 1942 peke yake serikali iliagiza wasichana 100,000 wa chama cha vijana cha Komsomol wapelekwe kwenye ulinzi wa anga. Vita ilipokwisha, amri nyingine iliwarudisha nyumbani. Rejimenti ya Bershanskaya ilivunjwa Oktoba 1945. Mikhail Kalinin, mkuu wa nchi kwa cheo, aliwaambia wasichana waliokuwa wakiagwa Julai mwaka huo wasijisifu kwa utumishi wao, wawaachie wengine wawasemee.

Hao wengine hawakuwa na haraka. Mitaani aliyetoka vitani aliitwa "mke wa kambini", na mama wakwe walikuwa wakali. Wapo walioficha nishani na vyeti vyao ili waolewe, hata kama vyeti hivyo vingewapatia nafuu. Tangu 1948 Mei 9 yenyewe ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, hadi 1965 ilipofanywa tena mapumziko, na hapo ndipo wengi wao walipoanza kukutana na kusimuliana waziwazi. Lidiya Litvyak, rubani wa ndege ya kivita aliyepotea angani Agosti 1943 akiwa na miaka 21, alidhaniwa kutekwa, na kwa Stalin kutekwa kulikuwa kosa. Nishani yake ya Shujaa ilitoka 1990.