Barua zenu: Uwanja wa besiboli uliosimamishwa na mashimo sita

Toleo lililopita tuligusia kwamba jimbo la Aomori kule Japani liliwahi kuacha kujenga uwanja wa besiboli kwa sababu chini yake kulikutwa kijiji cha watu wa kale. Ilikuwa mistari miwili tu jamani, lakini barua zilizokuja, nyingine zimeandikwa kwa hasira kabisa. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mkandarasi mdogo, nachukua kazi za msingi na mitaro. Hiyo stori yenu ya Japani imeniuma kusema ukweli, maana namfikiria mwenzangu aliyepata ile tenda, mashine ziko saiti, vibarua wapo, afu anaambiwa zima kijiko kuna magogo sita yameoza huku. Ni kweli au mmeikuza? Na hasara alibeba nani? (Mkandarasi, Kibaha)

JIBU: Ni kweli tupu kaka, ila mpangilio wake sio huo unaoufikiria. Kule wachimbaji wa mambo ya kale hawakuja kumvamia mkandarasi katikati ya kazi, walitangulia wao. Hapo mahali panaitwa Sannai-Maruyama, nje kidogo ya mji wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikubwa cha Honshu, na wenyeji walijua toka enzi kwamba ukichimba pale unaokota vyungu, hadi kuna msafiri anaitwa Sugae Masumi aliandika habari za vitu vya pale mwaka 1796. Kwahiyo serikali ya jimbo ilipotaka kujenga uwanja mpya, ikabidi kwanza timu ya akiolojia iingie, na ikaingia mwaka 1992. Mpango ulikuwa wa kawaida kabisa: chimbeni, pigeni picha, choreni ramani, bebeni mlichopata, afu tupisheni tumwage zege. Yaani kijiji kilikuwa kishahukumiwa kufa, kilichobaki ni kukiandikia kumbukumbu.

Sasa walipozidi kufungua udongo kijiji hakiishi. Nyumba juu ya nyumba, maghala, jengo moja refu la mita 32 hivi kwa upana wa karibu 10, makaburi ya watu wazima yamepangwa mistari pembeni ya njia, na watoto wachanga wamezikwa ndani ya vyungu, mamia, na kwenye vyungu vingi mle ndani kuna jiwe la mviringo ukubwa wa ngumi, kwa nini waliliweka hakuna aliyejua mpaka leo. Watu waliishi pale kuanzia kama miaka 5,900 iliyopita hadi 4,200 iliyopita, miaka 1,700 mahali pamoja, na hawakuwa wakulima wa mpunga, hao ni Wajomon, watu wa kuwinda, kuvua samaki na kuokota matunda ya porini. Vitabu vilikuwa vinasema watu wa namna hiyo wanahamahama tu na mizigo yao. Unaona kwa nini wataalamu walichanganyikiwa.

Halafu Julai 1994 ndo yakatokea hayo mashimo sita. Mistari miwili, matatu huku matatu kule, kila shimo upana mita 2 na kina kama mita 2, kutoka katikati ya shimo moja hadi lingine ni mita 4.2 bila kukosea, na chini kabisa bado kuna visiki vya chesnati, mti unaozaa kokwa za kuliwa, vyenye unene wa kama mita nzima. Magazeti yakaandika, watu wakaanza kumiminika kuangalia na familia zao, na mwezi uliofuata gavana akatangaza uwanja basi. Kufikia hapo, miaka miwili baada ya wachimbaji kuingia, kazi ya ujenzi nayo ilikuwa imeshaanza.

Kuhusu hasara: mwenye mradi alikuwa serikali ya jimbo yenyewe, kwahiyo aliyesimamisha na aliyelipia ni huyohuyo. Hapo ndo pa kuangalia vizuri. Kesi nyingine maarufu ya Japani ni Yoshinogari, jimbo la Saga, walikuwa wanataka kujenga eneo la viwanda, wakachimba kuanzia 1986, wakakuta mji wa kale wenye mahandaki na makaburi, 1989 habari zikatoka na watu wakafurika, leo ni hifadhi. Na wenyewe ulikuwa mradi wa jimbo. Ingekuwa ni maghorofa ya tajiri mmoja mwenye mkopo wa benki mi nina wasiwasi kama tungekuwa tunaongea haya.

Ila jambo la kukufaa wewe ni hili. Japani wana sheria ya kulinda mali za kale toka 1950, na sehemu zinazojulikana kuwa na vitu vya kale chini ziko kwenye ramani, zaidi ya 400,000 nchi nzima. Ukitaka kujenga juu ya mojawapo unatoa taarifa siku 60 kabla. Ikionekana lazima pachimbwe, kwa kawaida gharama ni za mwenye mradi, isipokuwa mtu wa kawaida anayejenga kibanda chake cha kuishi, huyo anabebwa na fedha za umma. Kwahiyo hiyo pesa na muda viko kwenye bajeti kabla hata tenda haijatangazwa. Kinachomuua mkandarasi ni kukutana na mifupa wiki ya tano wakati nondo zimeshafungwa, na hiyo inatokea pale ambapo hakuna aliyeangalia mwanzo.

SWALI: Shikamoo. Mimi nasoma kidato cha tano. Mwalimu alituambia mbao zinaoza, sasa hao wanajuaje kama palikuwa na nyumba miaka elfu tano iliyopita? Mi nahisi wanabahatisha alafu wanachora picha nzuri. (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali zuri na kidogo uko sahihi, nitakwambia wapi.

Udongo ukishachimbwa haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Mtu akichimba shimo la nguzo, akasimamisha nguzo, akashindilia, nguzo ikaoza, lile tundu linajaa udongo wa juu wenye majani na majivu, kwahiyo unakuwa mweusi na laini kuliko wa pembeni. Miaka elfu tano baadae bado uko hivo. Kwahiyo wachimbaji wanachofanya, kwanza kijiko kinakwangua udongo wa juu kwa ndoo isiyo na meno, taratibu sana, na kuna mtu anatembea mbele anaangalia chini tu. Kikionekana kitu mashine inarudi nyuma. Baada ya hapo ni watu wamepiga magoti na mwiko, mwiko huuhuu wa fundi ujenzi ila mdogo, wanakwangua mpaka uso wa ardhi unakuwa laini, na jua likiwa kali wananyunyizia maji maana udongo ukikauka rangi zote zinafanana. Hapo ndo yanatokea madoa ya mviringo. Doa moja halina maana, panya anaweza kutengeneza doa. Madoa manane yaliyozunguka jiko lenye majivu katikati, hiyo ni nyumba.

Doa lenyewe halichimbwi lote, wanachimba nusu tu kwanza ili wasimame pembeni waone umbo la shimo limekatwa wima, kina chake, nguzo ilisimama wapi na udongo wa kushindilia ni upi. Wakishachora na kupiga picha ndo wanamalizia nusu nyingine. Mkaa unaenda maabara kupimwa kaboni kupata umri. Udongo wenyewe unamwagwa kwenye maji, mbegu zilizoungua zinaelea juu zinakusanywa na chujio.

Pale Sannai-Maruyama walibahatika zaidi, visiki vile sita vilikuwa chini ya maji ya ardhini na nje vilikuwa vimechomwa moto, ndo maana havikuoza vyote.

Sasa pale uliposema wanachora picha nzuri. Kweli. Kutokana na mashimo yale sita leo pale pamejengwa mnara wa ghorofa tatu za wazi, urefu kama mita 15, na ili kupata magogo manene vile ilibidi waagize Urusi. Mashimo yanakupa unene wa nguzo na nafasi kati yake, hayakwambii juu kulikuwa na nini. Wapo wataalamu waliosema ulikuwa mnara wa kuangalia bahari, wapo waliosema jengo la ibada, na wapo waliosema ni nguzo tupu zimesimama bila sakafu yoyote. Ugomvi wa paa tu ulichukua muda, wakaishia kutoliweka. Kwahiyo ukiona picha ya mnara ule jua chini ni ushahidi, juu ni maelewano ya kikao.

SWALI: Je wanapataga dhahabu? (Meseji mbili tofauti, moja Tanga moja Kahama)

JIBU: Hapana. Hawa ni watu walioishi kabla ya kujua chuma. Sehemu waliyoipenda kuliko zote wachimbaji wa Aomori ni jalala. Upande wa kaskazini wa kijiji kuna bonde lenye majimaji ambalo wenyeji walitupia taka zao, na kwa sababu hewa haikuingia, vitu vimebaki: miba ya samaki, mifupa ya sungura maana paa na nguruwe walikuwa wachache, vyombo vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu, na kikapu kimoja kidogo kimesukwa kwa magome ya mti, kinaenea mkononi, ndani yake kuna nusu ya kokwa la wolnati. Mtu alikuwa anatembea nacho.

Na kwenye maganda ya chesnati yaliyokutwa pale walipopima vinasaba wakaona vinafanana kuliko miti ya porini inavyofanana, maana yake wale watu walikuwa wanachagua na kutunza miti yao karibu na kijiji. Kuna vinyago vya udongo zaidi ya 1,500, kuna mawe ya jedi ya kijani yaliyotoka Itoigawa, mamia ya kilomita kusini, na obsidiani, lile jiwe jeusi la kutengenezea visu, limevuka bahari kutoka Hokkaido. Biashara hiyo kaka. Dhahabu waachie wenyewe.

SWALI: Assalam aleikum. Nauliza, kila wanapokuta vitu panageuzwa makumbusho? Mbona basi nchi itajaa makumbusho watu wakose pa kulala. (Mama watatu, Maskat)

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hapana, sehemu nyingi mno zinachimbwa, zinaandikwa, afu zinajengewa. Kijiji cha Sannai-Maruyama kimejulikana kwa sababu ni kitu cha nadra. Kiliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021 pamoja na maeneo mengine ya Wajomon, jumla 17, wakati yale mengine maelfu yako chini ya barabara na maduka.

Na sio kila mara kuacha mahali palipo ndo uamuzi bora. Uingereza, karibu na mji wa Peterborough, kuna machimbo ya udongo wa kutengeneza matofali yanaitwa Must Farm. Mwaka 1999 mtaalamu mmoja aliona nguzo zimechomoza ukingoni mwa shimo. Zilikuwa nyumba za kama miaka 2,850 iliyopita, zimejengwa kwa nguzo juu ya mto, zikaungua na kudondokea kwenye tope na kila kilichomo. Tope ndo lilizitunza, na hakukuwa na uhakika kwamba litaendelea kuzitunza, kwahiyo mwaka 2015 na 2016 wakachimba kila kitu wakatoa, gharama zaidi ya pauni milioni moja, sehemu ikalipwa na taasisi ya serikali ya urithi na sehemu na kampuni ya matofali. Walikuta bakuli lina chakula ndani na kijiti cha kukorogea kimo humohumo. Mbao zilikuwa bado mbichi wakati wa moto, kwahiyo nyumba hazikumaliza hata mwaka au zilipita kidogo tu. Leo ukienda pale hakuna kijiji cha kuona, vitu viko makumbusho na maandishi yake yametoka 2024. Mi naona walifanya sawa kabisa.

SWALI: Nimenunua kiwanja nje ya Dodoma, fundi kachimba choo akakuta vigae vingi vya vyungu vyenye michoro na mawe kama yamechongwa. Jirani ananiambia funika haraka wasije wakakunyang'anya. Nifanyeje? (Naomba jina lihifadhiwe)

JIBU: Jirani yako ndo sababu tunajua machache kuhusu nchi yetu. Lakini simlaumu sana, hofu yake ameitoa mahali.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya 1964, ikarekebishwa 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, inakataza mtu kuchimba kutafuta vitu hivo bila leseni, na aliyevikuta kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Kuokota kigae hakufanyi kiwanja kiwe cha serikali. Eneo kuwa la hifadhi ni hatua nyingine kubwa, inatangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali, na wataalamu wakija mara nyingi wanaangalia, wanapiga picha, wanachukua sampuli na kuandika mahali. Vyungu vyenye michoro ndo vimetusaidia kujua wakulima wa kwanza wa ukanda huu walifika lini, vile vya aina ya Kwale kwa mfano vinawaonesha pwani karne za mwanzo baada ya Kristo.

Kwahiyo fanya hivi. Mwambie fundi asimamishe hicho choo, achimbe upande mwingine wa kiwanja. Usivioshe vigae, usivipange barazani, acha vilivyobaki shimoni vibaki palepale maana kigae kikishatoka kwenye tabaka lake umri wake unapotea. Vile vilivyotoka weka kwenye mfuko, andika kina kwa kukadiria, kiunoni, kifuani. Piga picha ya ukuta wa shimo na uweke jembe pembeni ili ukubwa uonekane. Afu nenda halmashauri kwa afisa utamaduni, au wasiliana moja kwa moja na Idara ya Mambo ya Kale, au chuo kikuu chenye walimu wa akiolojia, Dar es Salaam wapo. Ukiwa Kenya unaenda Makumbusho ya Taifa, sheria yao ni ya 2006. Omba uandikiwe kwamba umetoa taarifa, karatasi hiyo itunze na hati ya kiwanja.

Na shimo lifunike kwa turubai usiku huu, mvua ikinyesha kuta zitamomonyoka zote.