Kuhusu mzee anayesubiri upasuaji wa tezi dume

Pole dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Umeuliza kwa nini amepangiwa upasuaji wiki kadhaa mbele ilhali saratani imeshaonekana. Baada ya kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kwa kipimo, mara nyingi madaktari husubiri wiki 6 hadi 8 ili sehemu iliyovimba kwa kipimo hicho itulie. Kwa wengi saratani hii hukua taratibu, ila muulizeni daktari ya mzee imefikia hatua gani.

Muda huu aanze kukaza misuli ile ya kuzuia mkojo: akaze, ahesabu hadi tano, aachie. Akifanyiwa upasuaji na kuwekewa mpira wa kutolea mkojo, asitishe mazoezi hayo kwanza, aendelee mpira ukishatolewa, kwa kawaida baada ya wiki 1 hadi 2. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu muda wote, hata kwenye basi la kurudi Kondoa. Bodaboda asahau kwa sasa. Ale mlenda, anywe maji ya kutosha, choo kisiwe kigumu.

Mpira ukishatolewa mkojo utamvuja, pengine kwa miezi, na wazee wetu huona aibu kusema. Mnunulieni pedi za watu wazima kabla hajaomba. Mkojo ukigoma kutoka, homa ikipanda au mguu mmoja ukivimba, rudini hospitali siku hiyohiyo.