Mada ya Wiki na Nakshi Inayojirudia: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hushiriki mashindano ya ubunifu ambayo kila wiki hutoa mada mpya, kama vile "bustani usiku" au "maisha ya baharini", na kila mshiriki hubuni nakshi ya kitambaa au ya karatasi ya ukutani. Kila kitu kinachohusu mada hukichora kwa uangalifu, lakini nakshi ikishaenea katika eneo kubwa huonekana kama picha moja iliyobandikwa mara nyingi. Kasoro iko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanaonyesha kwamba unaanza na vitu, kisha unatafuta namna ya kuvirudia. Nakusihi uugeuze utaratibu huo. Mada ijibiwe kwanza na mpangilio wenyewe, ndipo vitu vifuate. Ukipewa "maisha ya baharini", kabla ya kuchora samaki hata mmoja jiulize bahari huenda vipi: je, nakshi yako itapanda na kushuka kwa mawimbi, au makundi ya samaki yatakatana kwa mshazari? "Bustani usiku" nayo inataka giza litawale na maua machache yatokeze, kwa hiyo nafasi tupu inakuwa sehemu ya mada, na anayeijaza maua kila pembe ameipoteza mada hata kama kila ua limechorwa kwa ustadi.

Tazama nakshi ya ukutani iitwayo Trellis, ambayo mbunifu Mwingereza William Morris aliibuni mwaka 1862. Kiunzi chake ni uzio wa mbao wenye miraba, waridi linalotambaa likipenya humo, na ndege, ambao walichorwa na rafiki yake Philip Webb, wakiwa wametawanyika kati ya matawi. Miraba ile hurudi kwa utaratibu ulio wazi na hakuna anayeichoka, kwa sababu shina la waridi huvuka kutoka mraba mmoja hadi mwingine na kulificha jicho mahali marudio yanapoanzia.

Baada ya kuamua mwendo wa nakshi, chagua namna kipande cha marudio, yaani mchoro mmoja unaorudiwa, kitakavyopangwa. Mpangilio wa gridi, ambapo vipande hukaa sambamba juu, chini na kando, hufaa maumbo ya kijiometria na mada zenye utulivu, lakini hufichua haraka kitu chochote kilicho kikubwa kuliko vingine. Ukiishusha kila safu wima ya pili kwa nusu ya urefu wa kipande, ua lile kubwa halitakaa tena kwenye mstari mmoja wa mlalo, na jicho litapanda na kushuka kwa mshazari. Ukiisogeza kila safu mlalo ya pili kwa nusu ya upana, kama fundi apangavyo matofali, mshazari utakuwa wa upande mwingine. Aidha, unaweza kugeuza au kuakisi maumbo ndani ya kipande. Mtaalamu wa fuwele kutoka Urusi, Evgraf Fedorov, alithibitisha mwaka 1891 kwamba aina za ulinganifu wa nakshi inayojirudia pande zote za ubapa ni 17 tu, idadi ambayo mbunifu anaweza kuijaribu yote kwa umbo moja dogo, na mazoezi hayo humfundisha mengi kuliko kukusanya picha za kuigwa.

Ili maungio yasionekane, njia ya karatasi ingali bora kwa anayejifunza. Chora katikati ya karatasi bila kugusa kingo, ikate vipande vinne, badilisha nafasi zake ili pembe za nje zikutane katikati, kisha ujaze uwazi uliojitokeza. Programu za kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa kuisogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu. Utakapoishusha safu kwa nusu, hakikisha idadi ya pikseli (nukta zinazounda picha) za urefu ni namba shufwa, kwa maana nusu ya pikseli inaweza kuacha mstari mwembamba ambao utajionyesha kwenye kitambaa chote.

Jambo ambalo wengi hawalipi muda wa kutosha ni kuitazama nakshi kwa mbali. Panga vipande vinne kwa vinne, punguza ukubwa, fumba macho nusu, nawe utaona vijia vya uwazi vikikatiza nakshi kutoka upande hadi upande, au doa moja jeusi linalojipanga mithili ya gwaride la kijeshi. Katika wiki yenye siku saba ningependelea sana siku mbili au tatu zitumike hapa, hata kama hilo linamaanisha kuchora maumbo matano badala ya kumi na matano. Maumbo machache yaliyopangwa vyema hupendeza kuliko mengi yaliyorundikwa.

SWALI: Je, nakshi ileile inaweza kutumika kwenye kitambaa na kwenye karatasi ya ukutani?

JIBU: Wakati mwingine inaweza, lakini mahitaji yake hayafanani. Kitambaa hukatwa, hukunjwa na kushonwa, kwa hiyo nakshi ambayo maumbo yake yanaelekea pande zote humpunguzia mshonaji upotevu, ilhali yenye juu na chini humlazimu kukata kila kipande kwa mwelekeo mmoja. Karatasi ya ukutani hukaa wima mbele ya macho kwa miaka, nayo hubandikwa kwa mikanda ambayo lazima ioane kando kwa kando. Roli iliyozoeleka Ulaya ina upana wa sentimita 53 na urefu wa takriban mita 10.05. Tuchukue ukuta wa kimo cha sentimita 240: marudio ya sentimita 8 yanatoa mikanda minne kutoka roli moja, lakini marudio ya sentimita 64 yanatoa mitatu tu, kwa sababu kila mkanda sharti uanzie mahali palepale pa nakshi. Kwa hiyo urefu wa marudio unaouchagua mezani ni gharama ya mnunuzi, na ningependa mada yoyote ya karatasi ya ukutani ifikiriwe hivyo tangu mwanzo.

SWALI: Rangi zangu hung'aa kwenye skrini, lakini zikichapishwa hufifia.

JIBU: Skrini hutoa mwanga, wino huurudisha tu, na kwa hiyo kijani kikali, zambarau na buluu ya umeme ndizo huathirika zaidi. Agiza kwanza sampuli ya rangi iliyochapishwa juu ya kitambaa unachokikusudia, uchague kutoka humo. Ongeza tofauti ya weusi na weupe kati ya umbo na usuli wake. Geuza picha iwe ya kijivu, na ikiwa maumbo yanayeyuka, rangi hazitayaokoa. Mistari myembamba sana nayo inaweza kumezwa na nyuzi. Kuhusu ukubwa wa faili, pikseli 150 kwa inchi hutosha kwa vitambaa vingi, hivyo marudio ya inchi 8 yanahitaji pikseli 1200.

SWALI: Ninaruhusiwa kutumia michoro ya kale?

JIBU: Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha msanii, na Morris, kwa mfano, alifariki mwaka 1896. Hata hivyo, soma masharti ya shindano na ya hifadhi ulikoitoa picha, kwa kuwa picha ya mchoro huo inaweza kuwa na masharti yake. Mimi ningechukua mpangilio kutoka kwa wa kale, nikachora maumbo mwenyewe.