Ethi ya Mnara wa Redio Isitengwe na ya Nyumba

Sisi wapenzi wa redio ya ridhaa tunaoishi katika nyanda za juu za Kisii tumezoea radi, kwa kuwa hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani na mchana unapoinama huwa ngurumo. Anayesimamisha mnara wa chuma huku hana budi kuanza na ethi, yaani nondo na waya za kupeleka umeme ardhini, kabla ya antena.

Fundi aliyenifungia umeme alinishauri ethi ya mnara ikae mbali na ya nyumba, ili radi isiingie ndani. Ushauri huo unasikika kuwa wa busara, lakini ni wa hatari. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000. Mkondo huo ukipita katika ethi yenye upinzani wa omu 10, ambayo wengi wangeisifu, mnara hufikia volti 300,000 huku ethi ya nyumba ikiwa imebaki karibu na sifuri. Tofauti hiyo lazima itafute njia, na iliyo karibu ni kebo ya antena, inayopitia redioni hadi kwenye nyaya za umeme. Ethi zote zikiunganishwa kwa waya mnene wa shaba, mnara na nyumba hupanda na kushuka pamoja, na redio haigeuzwi daraja.

Kuzunguka mnara nilipigilia nondo za ethi za mita 2.4, zikiachana kwa karibu mita 5, kwa sababu zikisongamana hugombania udongo uleule. Waya wa ethi uwe mfupi na usiwe na kona kali. Mafundi wetu hupenda kukunja waya kwa pembe mraba zinazopendeza macho, ila mkondo unaopanda ghafla namna ile hupata kizuizi katika kila mita ya waya, na penye kona kali huweza kuruka kando.

Kagua pia vibano vinavyoshikiza waya kwenye mnara. Shaba ikigusana moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki, kwanza hutokea unga mweupe kwenye guu la mnara, kisha kutu nyekundu. Kipande cha chuma kisichoshika kutu kikiwekwa katikati huzuia hayo. Ganda la waya lililo ndani ya plastiki ya kebo ya antena liunganishwe na mnara juu na chini, kisha tena kwenye bamba la ethi kebo inapoingia nyumbani, ambapo ndipo pa kufunga vizuia radi.

Wapo wanaomwaga chumvi kwenye shimo la ethi. Mvua huisomba, na kabla haijaisha huwa imeshakula chuma. Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu, ni bora zaidi. Waya ufukiwe nusu mita, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi shaba imetoka wapi.

Upinzani wa ardhi upimwe kabla ya kuunganisha na nyumba, tena Januari au Februari udongo unapokauka. Kipimo cha Aprili kitakufurahisha bure.