Usinunue hiyo stata kabla hujapima volti huku umebonyeza kitufe

Mkuu, hiyo stata (mota inayozungusha injini ili iwake) usinunue. Rudisha pesa mfukoni kwanza, halafu nisikilize.

Nimesoma maelezo yako mara mbili na roho imeniuma, maana umenieleza mimi: pikipiki kubwa ya safari ndefu, betri haijamaliza mwaka, ukibonyeza kitufe inasikika "ta!" moja tu na taa za dashibodi zinafifia, ukisubiri kidogo inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo, injini ikiwa ya moto ndiyo inakataa zaidi, na fundi keshakwambia mota ya stata imekufa.

Mimi nilianza kwa betri mpya. Haikusaidia kitu. Fundi akapima betri hiyo pikipiki ikiwa imezimwa, multimita (kifaa cha kupima umeme) ikasoma volti 12.7, akasema betri nzima, na hapo alisema kweli. Kisha akaiweka multimita kwenye mlio (inalia umeme ukipita), akagusa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka injini hadi nguzo hasi ya betri, upande huu na upande ule, ikalia "piii". Akasema waya mzima, hivyo kilichobaki ni stata. Nikanunua stata.

Hiyo "piii" ndiyo iliyonimaliza. Hadi leo nikimwona mtu anakagua waya wa stata kwa mlio natamani kumnyang'anya kifaa. Ule waya mnene una nyuzi nyingi ndani. Hata ukibaki uzi mmoja tu, multimita italia, kwa sababu inapitisha umeme mdogo mno. Stata ya injini kubwa inavuta ampea 100 na zaidi. Piga hesabu: penye kutu inayouzuia umeme kwa omu 0.02 tu (omu ni kipimo cha ukinzani), kwa ampea 100 unapoteza volti 2 nzima kabla umeme haujamaliza mzunguko wake. Na omu 0.02 multimita ya kawaida haiwezi hata kuiona, maana nyaya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Mtu anayelipwa kwa kazi ya umeme alipaswa kulijua hili!

Sasa sikia kilichonidanganya zaidi. Stata mpya ilipofungwa, pikipiki iliwaka vizuri kwa wiki mbili. Nikamsifia fundi kwa kila mtu. Kumbe kwenye pikipiki yangu waya wa ethi unabanwa na bolti ileile inayoshika stata, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi. Alipoifungua na kuikaza tena aliikwangua kutu kidogo bila kujua. Stata yangu ya zamani haikuwa na ubaya wowote, na nilishaiacha kwake.

Wiki ya tatu nikaondoka na mizigo, safari ya siku nne. Siku ya pili nikasimama kujaza mafuta, nikabonyeza: "ta!". Nikabonyeza tena. Nikabonyeza labda mara ishirini, kwa hasira, nikiamini kwamba stata ni mpya na betri ni mpya kwa hiyo lazima itakubali. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua chini ya kiti. Umeme wa stata lazima urudi betri. Ukikuta njia yake kuu imeziba unatafuta nyingine, na kwangu ulipata waya mwembamba wa ethi ulio ndani ya fungu la nyaya za pikipiki, waya uliotengenezwa kwa ajili ya taa na vitu vidogo. Uliyeyuka, ukayeyusha majirani zake. Fungu zima la nyaya likabadilishwa. Nililipa zaidi ya betri na stata kwa pamoja, na pikipiki ililala wiki sita. Dawa ya ugonjwa wenyewe ilikuwa msasa, spana na dakika ishirini.

Kwa hiyo pima umeme ukiwa kazini. Weka gia huru, multimita kwenye volti za DC, na mwombe mtu abonyeze kitufe sekunde tatu au nne, si zaidi, kisha muiache ipumzike. Kwanza gusa nguzo zenyewe za betri kwa ncha za multimita, usiguse bolti wala pete ya waya. Ikiwa imetulia unataka 12.6 au zaidi. Ikibonyezwa na ikashuka chini ya kama 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu, tuseme 11.5, na injini haizunguki, basi umeme upo ila haufiki.

Halafu fanya kipimo ambacho hakuna aliyenifanyia: ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza. Upande wa ethi usizidi 0.2 au 0.3. Yangu, tulipokuja kuipima kwa kuunganisha nyaya za muda badala ya zile zilizoungua, ilikuwa zaidi ya volti 3. Tatu nzima zinapotelea kwenye pete moja ya waya!

Fanya hivyohivyo upande wa chanya: kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata, isizidi 0.5 huku kitufe kimebonyezwa. Kwenye bolti mbili nene za rilei (swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata ukibonyeza kitufe) utaona 12 kabla ya kubonyeza, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Ukibonyeza inapaswa kuanguka karibu na sifuri. Rilei ikilia "ta" na bado inasoma 12, midomo yake ya ndani imeungua na dawa ni rilei. (Kama usingesikia mlio wowote ningekutuma kwenye swichi ya stendi ya pembeni, ya klachi, kitufe chekundu cha kuzimia na fyuzi. Kwako mlio upo, achana nazo.)

Ukikuta ethi ndiyo mbaya, toa waya hasi wa betri kwanza, kisha fungua upande wa injini. Sugua pete, bolti na chuma kinachokaliwa mpaka ving'ae, na kama kuna rangi chini yake iondoe yote. Kaza sawasawa, ndipo upake grisi juu. Chubua kidogo plastiki ya waya karibu na pete. Ukiona shaba imegeuka kijani, waya huo haufai tena, weka wenye unene uleule au zaidi. Kuhusu joto: shaba ikipata moto inazidi kuukataa umeme, na kiungo chenye kutu kinajipasha chenyewe, kwa hiyo hilo la kukataa zaidi injini ikiwa ya moto halinishangazi.

Na kama ukisikia harufu yoyote, toa mkono kwenye kitufe. Nakuomba sana hapo.

Pima jioni hii kabla fundi hajakupigia tena, uniletee namba tatu: betri huku umebonyeza, ethi huku umebonyeza, chanya huku umebonyeza.